Jinsi ya Kufuatilia Mwenendo wa Bakteria Sugu kwa Antibiotiki Miongoni mwa Wagonjwa wa Hospitali: Mwongozo Kamili

Hospitali yoyote yenye maabara inayootesha bakteria tayari inazo takwimu za usugu, zimelala ndani ya daftari la maabara au kwenye kompyuta yake, zikimsubiri mtu wa kuzihesabu. Kuzihesabu si kazi ngumu. Kuzihesabu kwa namna ambayo mwaka huu unaweza kulinganishwa kwa haki na mwaka uliopita ndiko kunakowashinda wengi. Mtu akisema kwamba usugu wa bakteria Klebsiella pneumoniae kwa antibiotiki ya seftriaksoni umepanda kutoka asilimia 30 hadi 40, huenda bakteria wenyewe wamebadilika, lakini huenda pia wagonjwa wanaochukuliwa sampuli si wa aina ile ya awali, au maabara imebadili kipimo, au aliyeandaa taarifa safari hii amehesabu kwa kanuni nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtaalamu wa maabara, daktari, mfamasia au muuguzi wa udhibiti wa maambukizi aliyekabidhiwa jukumu la kuandaa taarifa hiyo, na karibu kila hatua yake inalenga kuzikagua sababu hizo nyingine kwanza, kabla ya bakteria kulaumiwa.

Uzito wa jambo lenyewe haubishaniwi. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao kwa njia moja au nyingine. Shirika la Afya Duniani, kupitia mfumo wake wa ufuatiliaji uitwao GLASS ulioanzishwa mwaka 2015, lilitoa ripoti mwaka 2025 ikionyesha kwamba takriban maambukizi 1 kati ya 6 yaliyothibitishwa maabara mwaka 2023 yalitokana na bakteria sugu, na kwamba kati ya mwaka 2018 na 2023 usugu uliongezeka katika zaidi ya asilimia 40 ya jozi za bakteria na dawa zilizofuatiliwa. Hata hivyo, takwimu za dunia hazimwambii daktari wa zamu ni dawa gani amwanzishie mgonjwa aliyeingia usiku akiwa na maambukizi ya damu. Kwa hilo anahitaji takwimu za hospitali yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Amua unataka kujibu swali gani

Taarifa nyingi za usugu huharibika kabla hata hazijaanza kuandikwa, kwa sababu mwandaaji hakujiuliza itatumiwa kwa kazi gani. Yako maswali mawili makubwa, na kila moja lina hesabu yake. La kwanza ni la tiba: kati ya wagonjwa wenye maambukizi ya bakteria fulani, ni asilimia ngapi dawa fulani itawafaa? Jibu lake ni asilimia, na huwekwa kwenye jedwali linaloitwa antibiogramu. La pili ni la mzigo wa ugonjwa: ni wagonjwa wangapi wanapata maambukizi ya bakteria sugu hospitalini, na je, idadi hiyo inaongezeka? Jibu lake ni kiwango kinachohesabiwa kwa kila siku 1,000 za kulazwa, yaani jumla ya siku ambazo wagonjwa wote wamelala hospitalini. Asilimia na kiwango vinaweza kwenda njia tofauti kabisa, kama tutakavyoona katika hatua ya 6, na anayevichanganya huishia kuipongeza wodi inayostahili kuonywa.

Baada ya swali, chagua jozi chache za bakteria na dawa. Hospitali inayoanza isijaribu kufuatilia kila kitu. Jozi zenye manufaa karibu kila mahali ni Escherichia coli na Klebsiella pneumoniae dhidi ya sefalosporini za kizazi cha tatu (kundi la seftriaksoni) na dhidi ya kabapenemu (kundi la meropenemu). Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini, yaani MRSA. Acinetobacter baumannii na Pseudomonas aeruginosa dhidi ya kabapenemu. Na Enterococcus faecium dhidi ya vankomaisini. Kila jozi hapa ina historia inayoonyesha kasi ya jambo hili. MRSA iliripotiwa Uingereza mwaka 1961, miaka 2 tu baada ya methisilini kuanza kutumika. Kimeng'enya cha KPC, kinachovunja kabapenemu, kilipatikana katika bakteria aliyeoteshwa Marekani mwaka 1996 na kuripotiwa mwaka 2001, na kimeng'enya cha NDM-1 kiliripotiwa mwaka 2009. Sasa vyote viwili vimeenea katika mabara mengi.

Hatua ya 2: Chunguza ni nani anayechukuliwa sampuli

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Maabara huona sampuli, haioni hospitali. Ikiwa madaktari wa wodi fulani hutuma mkojo au damu pale tu dawa ya kwanza inaposhindwa, basi maabara itapokea zaidi wagonjwa ambao bakteria wao tayari ni sugu, na asilimia itakayotoka itakuwa kubwa kuliko hali halisi. Wakianza mwaka unaofuata kutuma sampuli za kila mgonjwa mwenye homa kabla ya kuanza dawa, asilimia ya usugu itashuka bila bakteria hata mmoja kubadilika. Kinyume chake pia hutokea: bajeti ya chupa za kuoteshea damu ikipunguzwa, madaktari huzibakiza kwa wagonjwa mahututi, na mstari wa usugu hupanda ghafla. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu usugu, hesabu idadi ya vipimo vya kuotesha damu kwa kila siku 1,000 za kulazwa, mwaka kwa mwaka na wodi kwa wodi. Namba hiyo ikiwa imebadilika sana, iandike juu kabisa ya taarifa yako, kwa maana ndiyo itakayompa msomaji ufunguo wa kuyasoma mengine yote.

Ushauri wangu ni kuanza na damu. Damu ya mtu haina bakteria katika hali ya kawaida, hivyo bakteria anayeota kutoka humo mara nyingi ana maana, ilhali makohozi, vidonda na mikojo iliyochukuliwa kwenye mpira wa mkojo hubeba bakteria waliojikalia tu bila kumdhuru mgonjwa. Kwa mtu mzima, inatakiwa seti mbili za chupa kutoka sehemu mbili za mwili, kila chupa ikiwa na mililita 8 hadi 10 za damu, na damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Chupa iliyotiwa mililita 3 ina nafasi ndogo ya kuotesha chochote. Fuatilia pia kiwango cha uchafuzi, yaani chupa zinazoota bakteria wa ngozi walioingia wakati wa kuchoma sindano. Kinatakiwa kisizidi asilimia 3. Staphylococcus wa ngozi wasiozalisha koagulasi (kimeng'enya kinachogandisha damu) wakionekana katika chupa moja tu kati ya seti mbili, mara nyingi ni wachafuzi, na kuwaingiza katika hesabu ya usugu kunaipotosha, kwa sababu wengi wao ni sugu kwa methisilini.

Mkojo uhesabiwe peke yake, damu peke yake, usaha peke yake. Kuvichanganya vyote na kutoa asilimia moja ya E. coli kwa hospitali nzima huleta namba isiyomhusu mgonjwa yeyote.

Mwisho, tenganisha maambukizi yaliyoingia na mgonjwa na yale yaliyompata wodini. Kanuni inayotumika sana ni kuangalia tarehe: sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku 2 za kwanza za kulazwa huhesabiwa kuwa ya maambukizi yaliyotoka nje, na iliyochukuliwa baada ya hapo huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Kanuni hii si kamilifu, hasa kwa mgonjwa aliyehamishwa kutoka hospitali nyingine, ambaye afadhali awekewe alama yake. Lakini haiwezi kutumika kabisa kama fomu ya maombi ya kipimo haina tarehe ya kulazwa, na katika fomu nyingi nafasi hiyo huachwa wazi. Kabla ya kununua programu yoyote, irekebishe fomu hiyo.

Hatua ya 3: Hakikisha kipimo chenyewe kinaaminika

Takwimu za miaka mitano zilizojengwa juu ya diski (vikaratasi vidogo vyenye dawa) zilizopitwa na muda hazitengenezeki tena. Kwa njia ya diski, bakteria hutengenezewa mchanganyiko wenye ukungu unaolingana na kiwango cha McFarland 0.5, hupakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) yenye kina cha milimita 4 ndani ya dakika 15, kisha diski huwekwa juu yake na sahani kuwekwa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Agari ikiwa nyembamba mno, dawa husambaa mbali, na duara ambamo bakteria hawakuota huwa kubwa, na bakteria sugu anaweza kuonekana kama anayeuawa na dawa. Ikiwa nene mno, hutokea kinyume chake. Mchanganyiko ukiwa mzito kupita kiasi, duara hupungua na usugu hupanda bandia. Ndiyo maana bakteria wa kudhibiti ubora, kama vile E. coli ATCC 25922 na Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853, hupimwa mara kwa mara kwa ratiba, na vipimo vyao huandikwa kwenye chati. Wiki ambazo duara la bakteria hao lilitoka nje ya mipaka, matokeo ya wagonjwa ya dawa husika yasiingie kwenye hesabu mpaka yarudiwe.

Mambo mawili mahususi yanastahili kutajwa. MRSA hutambuliwa kwa diski ya sefoksitini ya mikrogramu 30, ambapo kwa Staphylococcus aureus duara la milimita 21 au chini yake humaanisha usugu na milimita 22 au zaidi humaanisha kwamba dawa za kundi la methisilini zinafaa. Milimita moja ndiyo inayoamua, kwa hiyo rula na mwanga wa kutosha si mambo madogo. Antibiotiki ya kolistini, kwa upande wake, haipimwi kwa diski ya kawaida, kwa kuwa molekuli yake kubwa husambaa vibaya ndani ya agari; njia inayokubalika kuwa ya msingi ni ya kuyeyusha dawa kwa viwango tofauti ndani ya mchuzi wa kuoteshea. Hospitali yenye miaka kadhaa ya matokeo ya kolistini yaliyotolewa kwa diski iyaache nje ya taarifa.

Kisha kuna suala la mipaka ya tafsiri, ambalo limewadanganya watu wengi waaminifu. Mashirika ya CLSI na EUCAST, yanayoweka mipaka inayotenganisha bakteria sugu na asiye sugu, huirekebisha mara kwa mara kadiri elimu inavyoongezeka. Mwaka 2010 CLSI iliishusha mipaka ya seftriaksoni kwa kundi la bakteria wa tumboni: aliyekuwa akizuiwa na mikrogramu 4 kwa mililita alisomwa kuwa si sugu kabla ya badiliko hilo, na baada yake bakteria huyo huyo alisomwa kuwa sugu. Mwaka 2019 ikashusha mipaka ya siprofloksasini kwa kundi hilo hilo, na mwaka huo huo EUCAST ikaibadili maana ya herufi I (katika matokeo, S ni asiye sugu, R ni sugu, na I ilikuwa ya kati), ambayo sasa humaanisha kwamba dawa itafaa mgonjwa akipata kiwango kikubwa zaidi cha dawa hiyo. Ukichora mstari unaovuka miaka hiyo bila kusahihisha, utaona usugu "ukilipuka" mwaka ambao maabara ilinunua toleo jipya la kitabu cha mipaka.

Kinga yake ni rahisi: hifadhi milimita za duara au kiwango cha chini cha dawa kinachozuia ukuaji, usihifadhi herufi S, I na R peke yake. Mwenye milimita anaweza kuyasoma upya matokeo yote ya zamani kwa mipaka ya leo. Mwenye herufi tu amefungwa na tafsiri ya siku ile, na chaguo lake la pekee ni kuanza mstari mpya kwenye mwaka wa badiliko.

Hatua ya 4: Safisha orodha kabla ya kuhesabu

Programu ya WHONET, inayotolewa bure na kutumika katika nchi nyingi, hufanya sehemu kubwa ya kazi hii; lakini hata lahajedwali la kawaida linatosha kwa hospitali ndogo, mradi kila mstari uwe na namba ya mgonjwa, wodi, tarehe ya kulazwa, tarehe ya sampuli, aina ya sampuli, bakteria na matokeo ya kila dawa.

Anza na namba ya mgonjwa. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na namba moja wodini na nyingine aliyopewa alipohamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, au jina lake likawa limeandikwa kwa tahajia mbili. Orodha ikipangwa kwa tarehe ya kuzaliwa na wodi, marudio ya namna hii hujitokeza upesi.

Halafu ondoa marudio ya bakteria. Kanuni inayopendekezwa na mwongozo wa CLSI uitwao M39 ni kuhesabu bakteria wa kwanza wa kila spishi kwa kila mgonjwa katika kipindi cha uchambuzi, bila kujali aliota kutoka sampuli gani na bila kujali usugu wake. Ukiwa unachambua damu peke yake, chagua sampuli za damu kwanza, ndipo uondoe marudio ndani yake. Sababu ya kanuni hii ni kwamba mgonjwa mwenye bakteria sugu hukaa hospitalini muda mrefu na hupimwa tena na tena. Tuchukue mfano wa kubuni: wodi imeotesha Klebsiella 60, kati yao 36 ni sugu kwa seftriaksoni, ambayo ni asilimia 60. Ukiangalia kwa karibu unakuta wagonjwa 3 walichangia bakteria 20, wote sugu. Ukibakiza mmoja kwa kila mgonjwa unapata bakteria 43, sugu 19, yaani asilimia 44. Tofauti ya asilimia 60 na 44 inaweza kuifanya kamati ya dawa iiache dawa ambayo bado ingewafaa zaidi ya nusu ya wagonjwa.

Ondoa pia sampuli za uchunguzi wa wabebaji, yaani watu wanaobeba bakteria bila kuugua, kama vile pamba za puani zinazotafuta MRSA au za njia ya haja kubwa zinazotafuta bakteria sugu kwa kabapenemu. Hizo zina orodha yake. Kadhalika usiripoti usugu wa asili kana kwamba ni habari: Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa maumbile yake, Enterococcus kwa sefalosporini, na Pseudomonas aeruginosa kwa seftriaksoni. Taarifa inayotangaza kwamba "asilimia 100 ya Pseudomonas ni sugu kwa seftriaksoni" inaonyesha tu kwamba mwandaaji hakuipitia.

Kagua vilevile kama kila dawa ilipimwa kwa kila bakteria. Baadhi ya maabara hupima meropenemu pale tu seftriaksoni inaposhindwa, ili kubana matumizi. Utaratibu huo una mantiki yake, lakini asilimia ya usugu wa meropenemu inayotokana nao inahusu bakteria waliokwisha kuwa sugu, na haiwezi kuandikwa kana kwamba inahusu wote.

Hatua ya 5: Hesabu asilimia pamoja na mipaka yake ya uhakika

Asilimia ni bakteria sugu kugawanywa kwa bakteria wote waliopimwa kwa dawa hiyo, mara 100. Mwongozo wa M39 unataka angalau bakteria 30 wa spishi moja kabla ya kutoa asilimia, na hata 30 ni wachache: ukiwa na sugu 15 kati ya 30, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 inaanzia takriban asilimia 33 hadi 67. Kwa maneno mengine, ukweli unaweza kuwa theluthi moja au theluthi mbili. Hospitali isiyofikisha 30 kwa mwaka iunganishe miaka miwili, au iunganishe wodi zinazofanana, na iseme wazi kwamba imefanya hivyo.

Rudi sasa kwenye ule mfano wa ufunguzi. Tuseme mwaka wa kwanza bakteria 12 kati ya 40 walikuwa sugu, yaani asilimia 30, na mwaka wa pili 18 kati ya 45, yaani asilimia 40. Kwa fomula ya Wilson, ambayo hufaa kwa idadi ndogo, mipaka ya mwaka wa kwanza ni takriban asilimia 18 hadi 45, na ya mwaka wa pili ni asilimia 27 hadi 55. Mipaka hiyo imeingiliana kwa sehemu kubwa, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba usugu umepanda. Anachoweza kusema ni kwamba jambo hilo linastahili kuangaliwa mwaka wa tatu. Najua sentensi hiyo haifurahishi kwenye kikao, na mara nyingi atatokea mtu atakayetaka mshale mwekundu unaoelekea juu; usimpe.

Pale idadi inaporuhusu, tenga chumba cha wagonjwa mahututi, wodi ya watoto wachanga na wodi za kawaida. Wastani wa hospitali nzima huficha kwamba dawa moja inafaa vizuri wodi ya wanawake na haifai kabisa kwa wagonjwa wa mashine za kupumulia.

Hatua ya 6: Hesabu mzigo, usiishie kwenye asilimia

Chukua hospitali yenye siku 24,000 za kulazwa kwa mwaka. Mwaka wa kwanza Staphylococcus aureus ameota kwenye damu za wagonjwa 60, kati yao 12 wana MRSA: asilimia 20. Mwaka wa pili ameota kwa wagonjwa 100, kati yao 15 wana MRSA: asilimia 15. Antibiogramu itaonyesha maendeleo mazuri. Lakini maambukizi ya MRSA yamepanda kutoka 0.5 hadi 0.63 kwa kila siku 1,000 za kulazwa, na juu ya hayo maambukizi ya damu kwa ujumla yameongezeka, pengine kwa sababu ya utunzaji mbaya wa mirija ya mishipani. Aliyeona asilimia peke yake hakuona lolote kati ya hayo.

Siku za kulazwa hupatikana kwenye ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa: ni jumla ya wagonjwa waliohesabiwa kitandani kila usiku kwa mwaka mzima. Zikiwa hazipatikani, idadi ya waliolazwa inaweza kutumika kwa muda, mradi muda wa wastani wa kulazwa haujabadilika sana.

Hatua ya 7: Chora mstari wa miaka na uupime

Nukta mbili si mwenendo. Panga angalau miaka mitano, au robo za mwaka kama idadi inatosha, na weka mipaka ya uhakika kwenye kila nukta. Kwa asilimia, tumia jaribio la kai-mraba la mwelekeo au rigresheni ya kilojistiki yenye mwaka kama kigezo. Kwa viwango vya kila siku 1,000, tumia rigresheni ya Poisson. Mtaalamu wa takwimu anaweza kukusaidia kwa saa chache, lakini ni wewe unayejua yaliyotokea. Kwa hiyo chini ya grafu andika kwa tarehe kila badiliko linaloweza kuusogeza mstari: mashine mpya, toleo jipya la mipaka, wodi mpya, ukosefu wa diski, mwongozo mpya wa tiba, au janga. Nchini Marekani, mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ilieleza mwaka 2022 kwamba maambukizi sugu yaliyoanzia hospitalini, pamoja na vifo vyake, yaliongezeka kwa angalau asilimia 15 kati ya mwaka 2019 na 2020, wakati hospitali zilipolemewa na COVID-19. Mstari unaopita kipindi hicho bila maelezo humwacha msomaji akibuni maelezo yake.

Ufafanuzi nao usibadilike katikati ya njia. Ukitumia neno "sugu kwa dawa nyingi", tumia maana iliyopendekezwa kimataifa mwaka 2012: bakteria asiyeweza kutibiwa kwa angalau dawa moja katika makundi matatu au zaidi ya antibiotiki. Bila hivyo, kila mwaka utakuwa na ufafanuzi wake.

Hatua ya 8: Soma umbo la mstari kabla ya kutafuta sababu

Kupanda taratibu katika wodi zote, na hasa miongoni mwa wagonjwa wanaoingia na maambukizi yao kutoka nje, huashiria shinikizo la matumizi ya dawa katika jamii na hospitalini kwa pamoja. Kupanda ghafla kwa wiki chache katika wodi moja, bakteria wakiwa na usugu unaofanana dawa kwa dawa, ni mlipuko mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hapo hakuna cha kusubiri taarifa ya mwaka: wauguzi wa udhibiti wa maambukizi waarifiwe siku hiyo hiyo, sinki, mashine za kupumulia na mikono ya watoa huduma vichunguzwe, na wagonjwa husika watengwe. Acinetobacter hustahimili ukavu kwenye reli za vitanda na vifaa kwa siku nyingi, hivyo kumhamisha mgonjwa bila kusafisha kitanda chake hakusaidii.

Linganisha mstari wa usugu na wa matumizi ya dawa. Mfamasia huyageuza matumizi kuwa dozi sanifu za siku. Kwa seftriaksoni ya sindano dozi hiyo ni gramu 2. Chupa 3,000 za gramu 1 ni sawa na dozi 1,500, na kwa siku 10,000 za kulazwa hiyo ni dozi 150 kwa kila siku 1,000. Zigawe dawa kwa makundi matatu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017, yaani dawa za matumizi ya kawaida, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2024 linataka kundi la kwanza lifikie angalau asilimia 70 ya matumizi yote ya antibiotiki kwa binadamu duniani ifikapo mwaka 2030. Mistari miwili ikipanda pamoja haithibitishi kwamba mmoja umemsababisha mwenzake, ila inaonyesha pa kuanzia.

Usugu unaweza kushuka pia. Uingereza ilianza kuzilazimisha hospitali kuripoti MRSA ya damu mwaka 2001, mwaka 2004 ikatangaza lengo la kuipunguza kwa nusu ifikapo 2008, na lengo hilo likapitwa. Mambo mengi yalifanywa kwa wakati mmoja: usafi wa mikono, uchunguzi wa wabebaji, utunzaji wa mirija, na uwajibikaji wa viongozi wa hospitali. Ni vigumu kusema kila moja lilichangia kiasi gani.

Hatua ya 9: Toa taarifa itakayotumika

Jedwali la daktari liwe ukurasa mmoja, likionyesha asilimia ya bakteria wanaouawa na kila dawa, idadi ya waliopimwa, na aina ya sampuli. Visanduku vyenye bakteria chini ya 30 viachwe wazi au viwekewe alama. Taarifa ya kamati ya udhibiti wa maambukizi iwe ndefu zaidi, yenye viwango vya siku 1,000, grafu na orodha ya mabadiliko ya maabara. Kamati ya dawa ipewe ulinganisho wa usugu na matumizi, na mwongozo wa tiba ya kuanzia urekebishwe pale mipaka ya uhakika, wala si nukta ya katikati tu, inapoonyesha kwamba dawa imepoteza uwezo kwa maambukizi mazito.

Taarifa itolewe mwezi ule ule kila mwaka, kwa kanuni zilizoandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, ili atakayekurithi asilazimike kubahatisha ulivyohesabu. Bakteria wa damu na wale wenye usugu usio wa kawaida wahifadhiwe kwenye mchuzi wenye gliserini katika friza ya nyuzi 70 hadi 80 chini ya sifuri, kila kichupa kikiwa na namba inayolingana na ya orodha. Mipaka ya tafsiri itakapobadilika tena, au maabara ya rufaa itakapotaka kuwapima kwa vinasaba, watakuwepo.